Orodha ya Maziwa, Kandete

Mwenyekiti aliniletea madaftari matatu
yenye harufu ya moshi na maziwa yaliyochacha.
Yaingize humu, Bupe, alisema, tukae kisasa.
Humu ni kompyuta yenye ufa kwenye kioo,
na ndani yake ukurasa usiojua rangi
wala jedwali wala herufi nene.
Maandishi tu. Kistari, na nafasi tupu.

Nyota moja: kitongoji.
Nyota mbili: mwenye ng'ombe.
Chini yake, nikisogeza ndani kwa kitufe cha pembeni,
ng'ombe wenyewe, kila mmoja na kistari chake:

   - Sabuni, lita sita
   - Doa, lita nne, anaumwa kwato
   - Mkopo, lita tisa, bado wa benki

Nakunja. Kitongoji kizima kinaingia nyuma ya nyota
kama mkeka uliokunjwa baada ya msiba.
Nakunjua: watu wako palepale, wanacheua.
Nikimpandisha Asajile kutoka bondeni hadi mlimani
ng'ombe wake wanamfuata bila fimbo,
bila kukanyaga mahindi ya mtu,
bila kuzama kwenye tope la Machi.
Tungekuwa na barabara ya namna hiyo.

Sasa panga kwa alfabeti, akasema mwenyekiti,
wakaguzi wanapenda alfabeti.

Nikapanga.
Mwaipopo. Mwaisaka. Mwakatobe.
Mwakifuna. Mwambene. Mwandemele.
Herufi moja imebeba tarafa nzima mgongoni,
foleni ndefu kuliko ile ya mbolea ya ruzuku,
na juu yao wote, peke yake, mwalimu Chaula
aliyehamia juzi kutoka Makete
na ng'ombe mmoja mkavu.

Basi, majina ya kwanza.
Ambokile akaruka hadi kileleni,
Ambokile huyu anayefika saa tatu jua likiwaka
na maziwa ya jana ndani ya dumu la mafuta ya kula.
Na Tusekile akashuka,
akashuka,
nikamfuata kwa kishale hadi mstari wa mwisho kabisa,
pale ukurasa unapoanza kuwa theluthi ya weupe mtupu.

Nilifungua daftari. Ukurasa wowote, mwezi wowote,
Tusekile ni wa kwanza.
Anakaa juu, msitu unapoanzia,
anatoka saa kumi alfajiri, tochi mdomoni,
mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye gongo
kwa sababu ya utelezi.
Karani wa zamani hakupanga kitu.
Aliandika walivyofika.
Na sasa nilisoma, mvua ikipiga bati,
nani alikuwa na mtoto mgonjwa akateremka nafasi saba,
nani aligombana na jirani wakaacha kufuatana,
na ile Jumanne ng'ambo yote iliandikwa mwishoni
kwa wino uliovuja: daraja lilikuwa limekwenda.

Hakuna jina hata moja kati ya hayo
lililokuwa mahali pasipo pake.

Vitufe viwili kwa pamoja. Tendua.
Tendua. Tendua.
Majina yakaanza kupanda,
Mwandemele akampisha mke wake,
Chaula akarudi zake katikati bila kinyongo,
na yeye akaja juu, akiwa na Sabuni na Doa na deni lake.

Wakaguzi nimewawekea nakala iliyonyooka.
Hii nyingine nimeihifadhi.
Nadhani nimeihifadhi, maana umeme ulikatika
kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

Uliporudi kulikuwa kunakucha na ukungu umejaa mlangoni.
Ugonile, Bupe.
Akatua ndoo, akainama kwenye kioo chenye ufa,
akasoma jina lake polepole, kwa kucha.
Na hizi mbili mbele yangu?
Nyota, mama. Ni alama tu.

Nyota mbili, akasema, akimimina,
povu likipanda hadi kwenye alama ya lita kumi na tisa,
nyota mbili, na bei mnanipa ileile ya mwaka juzi.